Kubana upya maganda ya brasi kwa bunduki za nusu-otomatiki: mwongozo kamili

Ganda la brasi likishapigwa huvimba. Shinikizo la gesi hulisukuma hadi liguse kuta za chemba (tundu la bunduki linalobeba risasi), kisha linanywea kidogo tu, halirudi lilivyotoka kiwandani. Kabla ya kuwekewa praima (kidonge kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya, ni lazima lipitishwe ndani ya dai (kalibu ya chuma inayolibana) ili lirudi kwenye vipimo. Wengi wanaojaza risasi zao huko Marekani hufuata karatasi iliyokuja na dai: shusha dai mpaka iguse kishikio (kipande kinachoshika kitako cha ganda), ongeza robo mzunguko, anza kazi. Kwa bunduki ya nusu-otomatiki hiyo ni kubahatisha. Karatasi haijui chemba yako. Venia (kifaa cha kupimia urefu na unene) na geji (kipimio cha chuma) ndizo zinazojua.

Neno la sheria kwanza. Nchini Marekani sheria ya shirikisho haimtaki mtu awe na leseni kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuuza, anahitaji leseni ya mtengenezaji wa risasi. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Yanayofuata ni ya aliye mahali panaporuhusu, na mifano ni ya saizi mbili za risasi, .223 Remington na .308 Winchester.

Majina ya sehemu yatakayotumika: kitako ni upande wa praima, wenye ukingo unaoshikwa na ndoano ya kutolea. Juu yake ni kiwiliwili, halafu bega, yaani mteremko, kisha shingo inayoshika kichwa cha risasi, na mwisho mdomo.

Kwa nini nusu-otomatiki ina masharti yake

Kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono, mpigaji ndiye anayefunga bolti, yaani chuma kinachoziba chemba nyuma ya ganda. Ganda likizidi kidogo, nguvu ya kiganja hulibana likaingia. Kwenye nusu-otomatiki bolti hurudishwa na springi tu. Ikikutana na bega lililokaa mbele kuliko chemba, husimama kabla ya kujifunga.

Jambo la pili ni pini. Katika bunduki za nusu-otomatiki kama AR-15, M1 Garand na M14, pini ya kufyatulia haizuiwi na springi. Bolti inapojibamiza mbele, pini nayo huruka na kuigusa praima. Ingiza risasi kwenye chemba ya AR-15, itoe bila kuipiga, kisha itazame praima: utaona kidoti kidogo katikati. Kwa kawaida kidoti hicho hakina neno. Lakini praima iliyochomoza juu ya kitako, au ganda linalokwamisha bolti njiani, vinaweza kuifanya risasi ilipuke kabla bolti haijafunga. Hapo kitako hakina kinachokishikilia, kinapasuka, na gesi inamrudia aliyeshika bunduki. Garand na M14 zinajulikana sana kwa balaa hili. Kwa hiyo kubana shingo peke yake, mbinu ya watu wa shabaha wenye bunduki za kukoki, usiilete huku. Nusu-otomatiki hubanwa ganda zima.

Kubana kupita kiasi nako kuna gharama. Bega likirudishwa nyuma mno, ganda huingia chemba likiwa na nafasi ya kuchezea. Pini hulisukuma mbele, kuta zake hushika chemba kwa shinikizo, kisha kitako hurudi nyuma kuufuata uso wa bolti. Brasi inanyooka mahali pamoja, juu kidogo ya kitako, pale ukuta mnene unapoanza kuwa mwembamba. Baada ya mizunguko michache hutokea mstari unaong'aa kuzunguka ganda, na siku moja kitako kinatoka peke yake, kipande cha mbele kimebaki ndani ya chemba.

Katikati ya hatari hizo mbili kuna njia nyembamba: bega lirudi nyuma inchi 0.003 hadi 0.005 (mm 0.08 hadi 0.13) kutoka kipimo cha ganda lililopigwa. Kwa bunduki ya kukoki 0.001 hadi 0.002 hutosha. Nusu-otomatiki huhitaji zaidi kwa sababu ganda lazima liingie lenyewe, hata chemba ikiwa na masizi.

Vipimo vya kubandika ukutani

.223 Remington: urefu wa ganda usizidi inchi 1.760 (mm 44.70); likipunguzwa lishushwe hadi 1.750 (mm 44.45). .308 Winchester: usizidi 2.015 (mm 51.18), lipunguzwe hadi 2.005 (mm 50.93).

Kipimo cha bega ni kingine kabisa na hakihusiani na urefu wa jumla. Hupimwa kutoka kitakoni hadi pale mteremko wa bega unapofikia kipenyo maalumu: inchi 0.330 kwa .223, na 0.400 kwa .308. Chemba ndogo kabisa inayokubalika ina 1.4636 (mm 37.18) kwa .223, na 1.630 (mm 41.40) kwa .308. Ndicho kipimo cha ile geji ya chuma iitwayo GO.

Vifaa

Presi moja imara ya mkono. Dai ya kubana ganda zima. Kishikio cha ganda cha saizi yake. Venia ya dijitali inayosoma inchi 0.0005, kiambatisho cha venia cha kupimia bega, geji ya ganda, yaani silinda ya chuma iliyochongwa ndani kama chemba, mafuta ya kubania, mashine ya kupunguza urefu, kifaa cha kukwangua mdomo ndani na nje, miwani ya kinga. Kwa .308, asiye na kiambatisho anaweza kuvika ganda tupu la bastola la .40 S&W juu ya bega na kupima vyote viwili pamoja. Namba haitakuwa kipimo halisi, lakini tofauti kati ya ganda na ganda utaipata, na hiyo ndiyo unayoihitaji.

Dai za kabaidi (metali ngumu sana) za bastola hazihitaji mafuta. Za bunduki yenye bega zinahitaji, hata zikiwa za kabaidi. Usidanganyike na bei yake.

Kuchambua na kusafisha

Panga maganda kwa chapa ya kitakoni. Brasi ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, lakini unene wa kuta na ugumu hutofautiana kwa kila kiwanda, na ganda gumu hurudi nyuma kama springi baada ya kutoka kwenye dai. Ukichanganya chapa, dai ile ile itakupa vipimo tofauti, nawe utadhani presi imelegea. Maganda yenye herufi LC ni ya kiwanda cha jeshi cha Lake City, Missouri. Ni mazuri, ila praima zake zimefungwa kwa kukunjwa ukingo wa kijishimo, na mkunjo huo lazima uondolewe kabla ya kuweka praima mpya.

Tupa lililopasuka shingo, na lenye mstari unaong'aa karibu na kitako. Mstari usioonekana utafute kwa waya: nyoosha klipu ya karatasi, kunja ncha yake milimita moja kwa pembe mraba, ingiza ndani, uburute ukutani ukitokea chini kupanda. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji, ganda limekwisha. Tazama pia ndani kwa tochi. Vitobo viwili vidogo badala ya kimoja katikati maana yake ni praima ya Berdan, ambayo itavunja pini ya dai yako. Ya chuma yaliyopakwa rangi yaweke kando, sumaku itakuonyesha.

Ng'oa praima zilizotumika, kisha osha. Mpangilio huu una sababu: punje moja ya mchanga ikiingia kwenye dai huchora mkwaruzo, na mkwaruzo huo utajichapa kwenye kila ganda linalofuata. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa katika mashine ya kutikisa yanatosha kwa saa 2 au 3. Vumbi lake lina madini ya risasi yenye sumu kutoka kwenye praima, kwa hiyo chekecha nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na nawa mikono kabla ya kugusa chakula. Ukiosha kwa maji na pini za chuma, kausha mpaka ndani.

Mafuta

Hapa ndipo maganda mengi hukwama. Mchanganyiko rahisi ni lanolini ya maji (mafuta ya sufu ya kondoo) sehemu 1 na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 sehemu 10 hadi 12. Panga maganda kwenye sinia, nyunyiza kutoka pande mbili ukiinamisha chupa ili tone dogo lifike ndani ya mdomo, yatingishe, kisha yaache dakika 5 hadi 10. Subiri kweli. Kinacholainisha ni lanolini inayobaki. Alkoholi ikiwa bado ina unyevu, filamu haijakamilika. Fanya mahali penye hewa, mbali na jiko.

Ukipenda nta ya kubania ya kwenye kopo, paka kwa vidole viwili juu ya kiwiliwili, zaidi karibu na kitako kwani huko ndiko mbano ni mkubwa. Begani usipake. Mafuta hayabanwi, yakikusanyika kati ya bega na dai huacha kibonyeo kama alama ya kucha. Kibonyeo kidogo kitanyooka kwenye mlio unaofuata, lakini kikionekana ganda baada ya ganda, futa dai na uchunguze kama kitobo chake cha hewa kimeziba.

Ndani ya shingo pia panahitaji kulainishwa, kwa brashi yenye unga wa grafiti au ile lanolini iliyoingia. Shingo kavu hulia wakati yai la kutanulia (kifundo cha chuma ndani ya dai kinachotanua shingo) linapotoka, na likilia hivyo linalivuta bega mbele, wakati mwingine inchi 0.002 au zaidi. Kazi yote ya kulirudisha inaharibikia hapo, wakati wa kushusha ganda kutoka kwenye dai.

Kuweka dai

Pima kwanza maganda matano yaliyopigwa na bunduki yako, praima zikiwa zimetolewa, maana praima iliyochomoza huharibu kipimo. Nusu-otomatiki ina ujanja wake: ndoano huanza kuvuta ganda wakati shinikizo halijaisha, na bega linaweza kutoka likiwa mbele kuliko chemba yenyewe. Kwa hiyo ukiwa na geji ya GO, iweke kwenye venia na kiambatisho chake, bonyeza sifuri, kisha soma maganda kuanzia hapo. Ganda lililobanwa likisoma sifuri hadi −0.003 litaingia katika chemba yoyote halali. Kama bunduki ni moja na inajulikana, tumia wastani wa maganda matano na utoe 0.003 hadi 0.005.

Pandisha pistoni ya presi hadi juu, zungusha dai mpaka iguse kishikio, kisha irudishe juu nusu mzunguko. Weka alama ya wino juu ya dai na nyingine kwenye presi. Uzi wa dai hizi ni wa nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mzima unashusha dai inchi 0.071, na theluthi ya hiyo tayari ni 0.024. Chukua uso wa saa ya ukutani: alama moja ya dakika ni kama inchi 0.001. Ukiielewa saa hiyo, unaacha kubahatisha robo na nusu.

Paka ganda mafuta, libane, pima. Usishtuke likisoma refu kuliko kabla ya kubanwa. Kiwiliwili kinapominywa, brasi hukimbilia pasipo na ukuta, yaani juu, na bega husogea mbele mpaka ukuta wa bega wa dai uliguse. Wapo wanaoona namba hiyo, wanadhani wamebana kupita kiasi na kuilegeza dai. Wanazidi kupotea.

Shusha dai dakika 7, yaani kama moja ya nane ya mzunguko. Bana ganda jingine lililopakwa mafuta upya, pima. Namba itapanda tena kidogo, kisha itaanza kushuka. Ikianza kushuka, tembea dakika 2 au 3 kwa kila jaribio. Kwa mfano, ganda lililopigwa lilisoma +0.004 juu ya geji. Jaribio la kwanza +0.007, la pili +0.008, la tatu +0.003, la nne +0.001, la tano −0.001. Simama hapo: umerudisha 0.005.

Ganda likiwa ndani ya dai, presi imebanwa juu, kaza nati ya kufungia. Ukiikaza dai ikiwa tupu, itakaa upande. Bana mengine matano na upime yote. Yakitofautiana zaidi ya 0.002, tafuta sababu: chapa mchanganyiko, mafuta yasiyo sawa, au mkono wako kutofika mwisho. Simamisha kila ganda juu kwa sekunde 2 au 3 kabla ya kushusha. Brasi ikipewa muda, kurudi kwake nyuma kama springi hupungua na vipimo hukaribiana.

Sasa angalia jambo moja kwa tochi. Ganda likiwa juu, je, mwanga unapenya kati ya dai na kishikio? Presi hupinda kidogo chini ya mzigo, na mwanya uliofungika ikiwa tupu hufunguka ganda likiingia. Kama bega limefikia kipimo, mwanya si tatizo. Kama dai imegusa kishikio, imeongezwa mbano, na bega bado liko mbele, basi kishikio ni kirefu mno. Sugua uso wake wa juu kwa msasa laini juu ya kioo, 0.005 inatosha. Usiikate dai, kishikio ni cha bei nafuu kuliko dai.

Ganda likigoma kwenye geji

Dondosha kila ganda kwenye geji. Liingie kwa uzito wake, kitako kikae kati ya ngazi mbili zilizochongwa, na likigeuzwa litoke bila kugongwa. Likigoma, usikimbilie kuishusha dai. Lipake wino wa kalamu ya kuchorea, lisukume kwa kidole hadi linapokwama, lizungushe kidogo, lichomoe. Pale wino ulipofutika ndipo penye kosa.

Wino ukifutika begani, bega bado liko mbele. Ukifutika mdomoni, ganda ni refu au mdomo wake una makali yaliyochomoza. Ukifutika kwenye ukingo wa kitako, si dai kabisa: ndoano ya kutolea imeinua kinundu, nacho huondoka kwa mpapaso mmoja wa tupa laini. Maganda mengi mazima yametupwa kwa sababu ya kinundu hicho.

Ukifutika kama pete juu kidogo ya kitako wakati bega limesoma sawa, kiwiliwili cha chini kimebaki kinene. Hilo huonekana zaidi kwa maganda ya kuokotwa uwanjani, yaliyopigwa na chemba pana ya mtu mwingine. Hapo ndipo dai ya kitako kidogo inapofaa. Hubana sehemu ya chini zaidi ya dai ya kawaida, kama inchi 0.001 hivi au zaidi kidogo, na hudai mafuta mengi. Bunduki inayokula maganda yake yenyewe kwa kawaida haiihitaji.

Shingo na urefu

Shingo iliyobanwa iwe na kipenyo cha ndani kidogo kuliko kichwa kwa inchi 0.002 hadi 0.003. Kichwa cha .223 kina 0.224, hivyo ndani pasome 0.221 au 0.222. Nusu-otomatiki huchota risasi kutoka magazini na kuitupa juu ya mteremko wa kuingilia chemba. Shingo iliyolegea huruhusu kichwa kuzama ndani ya ganda, na shinikizo hupanda. Baada ya kukaza kichwa, sukuma risasi kwa kidole gumba dhidi ya ukingo wa meza ya mbao, kichwa kikitangulia, upime kabla na baada. Isipungue hata kidogo.

Punguza urefu baada ya kubana, kamwe si kabla, kwa sababu kubana ndiko kunakorefusha. Kisha kwangua mdomo ndani na nje, mizunguko miwili mepesi. Ncha isiwe kali kama kisu. Futa mafuta yote, kwa taulo yenye alkoholi au nusu saa kwenye magunzi. Ganda lenye mafuta haliishiki chemba, na mzigo wote huangukia uso wa bolti. Baada ya magunzi chungulia kitobo cha moto, kile kinachopitisha moto wa praima kwenda kwenye baruti. Punje moja inatosha kukiziba.

Shingo zikianza kupasuka, brasi imechoka kwa kubanwa na kutanuliwa. Kupasha moto shingo na bega hurudisha ulaini, lakini kitako kisipate moto kabisa: kitako laini hakiwezi kushika shinikizo, na hakuna namna ya kukigumisha tena mezani.

Ganda likinasa ndani ya dai

Dalili hutangulia: mkono unakuwa mzito ghafla, au chuma kinatoa mlio wa kukwaruza. Simama hapo hapo, rudisha chini, paka mafuta. Ukilazimisha, kishikio kitararua ukingo wa kitako na ganda litabaki ndani.

Likishanasa, legeza kwanza fimbo ya kung'olea praima uipandishe juu kadiri itakavyokwenda, la sivyo keekee itaikata pini. Toboa katikati ya kitako kwa keekee ya mm 5.1, ukitia tone la mafuta. Chonga uzi wa robo inchi, nyuzi 20. Vika juu ya dai kipande cha bomba au soketi kinachoacha nafasi kwa kitako kupita, weka washa (kisahani cha chuma chenye tundu), pitisha skrubu ya robo inchi, kaza kwa spana. Ganda litachomoka polepole, kwa kawaida na mlio mmoja mkali.

Dai yenyewe mara nyingi haijadhurika. Isafishe kwa kitambaa na alkoholi, tazama kama brasi imejipaka ukutani, na ikiwepo isugue kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia chuma mpaka iondoke. Ganda la kwanza baada ya hapo lipake mafuta mara mbili ya kawaida, lifute, lizungushe chini ya taa. Kama halina mkwaruzo wa wima, endelea na sinia lililobaki.